Usipofika, Nani Ataulizia?

Kila mwaka mpya wa masomo unapofunguliwa, matatu zinazotoka Machakos kuelekea Kitui hupita Wamunyu na kushusha Kwa Vonza abiria wa aina moja: kijana mwenye godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, ndoo ya plastiki iliyojaa vyombo, na simu sikioni akiuliza hosteli iko upande gani. Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, iko ndani zaidi, mbali na barabara kuu. Zamani palikuwa na Taasisi ya Kilimo ya Ukamba. Mwaka 2008 pakawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2013 kikapewa hati ya kujitegemea. Soko nalo likafuata: vyumba vya kupangisha, vibanda vya chipsi, wakala wa M-Pesa, na vijana wa bodaboda wanaojua jina la kila hosteli.

Kijana huyo hukuta watu ambao wako hapo tangu enzi za mababu, wenye ndengu, kunde na mbuzi, na macho yao yako mbinguni. Huku Ukambani mvua inayotegemewa ni ile ya Oktoba hadi Disemba. Ikikosekana, mwaka umeharibika. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilipita na mvua haba katika sehemu kubwa za maeneo kame ya Kenya. Wazee walioishi njaa ya 1984, ile waliyoiita Ni Kwa Ngwete kwa sababu mtu alikufa akiwa na pesa mkononi na chakula hakuna cha kununua, walisema wameiona hali kama hiyo tena.

Mwanafunzi mgeni na mkulima mwenyeji hawafanani kwa mengi. Lakini mawazo yanapowalemea, wote wawili hufanya jambo lile lile: hujitenga. Mwanafunzi huacha darasa, akalala mchana kutwa na kuweka simu kimya. Mkulima huacha kuhudhuria kikundi, akituma salamu kwamba ana shughuli, na shughuli yenyewe haionekani. Wiki zinapita. Wanaomzunguka husema amekuwa mvivu, au ana maringo, au amerogwa.

Magazeti yamejaa ushauri kuhusu afya ya akili ambao hauna kazi Kwa Vonza. Nenda likizo. Muone mshauri wako kila Jumanne. Ondoka mjini upate hewa safi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya 2017 kuhusu huduma za akili ilihesabu madaktari wa akili 92 katika nchi nzima, ilhali viwango vya wizara vilihitaji 1,533. Miaka mitatu baadaye, jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga liliitaka serikali itangaze ugonjwa wa akili kuwa dharura ya kitaifa. Huenda idadi imeongezeka tangu hapo, lakini mtu wa Kwa Vonza anayesubiri daktari wa akili amtangulie kumtafuta atasubiri sana. Kinga iliyo karibu naye ni nyingine, na haigharimu pesa nyingi: kuwa na mahali ambapo asipofika, mtu ataulizia.

Kabla ya kufika huko, kuna jambo la kutenganishwa. Huzuni si ugonjwa. Mwenye kufiwa atalia, aliyefeli mtihani atanuna, na mwenye shamba lililokauka atakosa usingizi. Wahudumu wa afya huanza kushuku sonona pale hali ya kukosa raha, au kukosa hamu ya mambo yaliyokuwa yakimfurahisha mtu, inapodumu sehemu kubwa ya siku kwa wiki mbili au zaidi, ikaandamana na mengine: usingizi uliovurugika, uchovu, hamu ya chakula kupotea au kuzidi, mawazo kutotulia, kujiona hana thamani, kutembea au kusema polepole kuliko kawaida, na kufikiria kifo. Maswali tisa yanayotumika duniani kote kupima hali hiyo yanahusu wiki mbili zilizopita tu, na muuguzi yeyote aliyefunzwa anaweza kuyauliza kwa muda mfupi.

Tatizo ni kwamba sonona mara nyingi haiingii zahanati kwa jina lake. Mama atasema kichwa kinamgonga, mgongo unawaka, moyo unadunda, tumbo lina vidonda. Atapimwa malaria, hana. Atapimwa homa ya matumbo, atapewa dawa hata hivyo. Mwezi ujao atarudi. Anayejikuta amezungushwa hivyo mara tatu nne bila ugonjwa kuonekana asione aibu kuongeza sentensi moja mbele ya muuguzi: kwamba tangu jambo fulani litokee halali, na hakuna kinachomfurahisha. Sentensi hiyo inaweza kubadilisha matibabu yote.

Sasa turudi kwenye kuuliziwa.

Ukambani wana chombo cha zamani kwa kazi hii, ingawa hakikuundwa kwa ajili ya akili. Ni mwethya, watu kukusanyika kulima au kujenga kwa zamu au kwa pamoja. Matuta yaliyookoa mashamba ya Machakos na Makueni yalichimbwa kwa mwethya. Mabwawa ya mchanga yaliyotapakaa Kitui, mengi yakiwa ya shirika la SASOL tangu miaka ya 1990, na yale ya shirika la Utooni lililoanzishwa na Joshua Mukusya mwaka 1978, yalijengwa na vikundi vya wenyeji waliobeba mawe na maji kwa mikono yao. Wahandisi huyasifu mabwawa hayo kwa maji yanayobaki ndani ya mchanga wakati mto umekauka. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mjane aliyekuwa akibeba mawe pale kila Jumatano alikuwa na watu arobaini wanaojua sura yake, na asipoonekana Jumatano moja, jioni kuna mtu mlangoni.

Anayetaka kujilinda aanze hapo. Awe na mahali pawili kwa wiki ambapo anatarajiwa kwa jina. Pawili, si mahali pamoja tu, kwa sababu kikundi kimoja kikivunjika kingine kinabaki. Kwaya, chama cha akina mama, kikundi cha wanaume wanaofuga nyuki, timu ya mpira ya Jumamosi, au kundi la kusoma la watu watano darasani. Kikao cha mtandaoni hakihesabiki hapa, kwa kuwa mtu anaweza kuwa kwenye kundi la WhatsApp la watu 200 na akanyamaza mwezi mzima bila yeyote kugundua. Na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingoje apate marafiki ndipo ajiunge. Ajiunge kwanza, katika wiki mbili za mwanzo, wakati kila mtu ni mgeni na hakuna anayeona ajabu kusalimiwa na asiyemjua.

Vikundi navyo vina wajibu, na hapa vingi vinakosea. Vyama vingi vina sheria ya faini: asiyefika alipe shilingi kadhaa. Faini humleta mvivu, lakini humfukuza mgonjwa. Mtu aliyelemewa akikosa mara mbili, faini zinakuwa mlima, na anaona afadhali asirudi kabisa. Kikundi chenye busara kinaweza kuweka kanuni rahisi kwamba anayekosa mara mbili mfululizo bila taarifa anatembelewa na wanachama wawili kabla faini haijatajwa, nao wasiende na daftari. Kwa hosteli, kanuni kama hiyo inaweza kuwa ya chumba kwa chumba: jirani asiyeonekana siku mbili abishiwe hodi.

Anayekwenda kumtembelea mtu kama huyo atasema nini? Wengi huogopa hapo, wakadhani wanahitaji shahada. Zimbabwe imeonyesha vinginevyo. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuzungumza na waliolemewa. Utafiti wao ukachapishwa mwaka 2016 katika jarida la madaktari wa Marekani: baada ya miezi sita, waliozungumza na akina nyanya walikuwa na dalili chache zaidi za sonona na wasiwasi kuliko waliopewa huduma ya kawaida ya kliniki. Na akina nyanya hao hawakuwa na siri kubwa. Walifuata njia ya kutatua tatizo moja moja, na njia hiyo inaweza kufuatwa chini ya mwembe wowote Kitui.

Inaendelea hivi. Kwanza, aliyelemewa anaachwa aseme yote bila kukatizwa, na msikilizaji anayaandika au kuyakumbuka. Tuchukue mwanafunzi wa kawaida wa Kwa Vonza: kodi ya miezi miwili haijalipwa, mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haujaingia, amefeli jaribio la hesabu, amekosana na mama yake kwa simu, na amekuwa akila mara moja kwa siku. Yakiwa kichwani, haya yote ni kitu kimoja kikubwa kisicho na jina. Yakiwa kwenye karatasi ni matano. Pili, achague moja, na achague mwenyewe. Msikilizaji hapaswi kumchagulia, hata kama anaona wazi kwamba kodi ndiyo ya kwanza. Huenda yeye akachagua mama. Tatu, wataje kwa pamoja kila linalowezekana kufanywa juu ya hilo moja, hata la kipuuzi: kumpigia, kumwandikia ujumbe, kumtuma shangazi, kungoja likizo. Nne, achague hatua ndogo yenye siku na saa. "Nitazungumza na mama" haitoshi. "Jumapili baada ya ibada nitampigia shangazi, nimwombe aniandalie njia" ni hatua. Tano, warudi kukutana baada ya wiki. Ikishindikana, hakuna kulaumiana, hatua inapunguzwa au inabadilishwa.

Inaonekana rahisi mno hata msomaji akashuku. Nguvu yake iko katika ile ya nne na ya tano, kwa kuwa aliyelemewa amezoea kuahidi makubwa na kushindwa, kisha anajiongezea hukumu. Hatua ndogo iliyotimia humrudishia uhakika kwamba mkono wake bado unafanya kitu. Ndiyo maana wahudumu pia huwaambia wagonjwa wa sonona wasingoje hamu. Hamu hutangulia kwa mtu mwenye afya, lakini kwa mgonjwa hufuata nyuma. Anaanza kuoga, kufua, kutoka nje, kuota jua la asubuhi, akiwa hana hamu hata kidogo, na hamu inakuja baada ya siku kadhaa.

Msikilizaji naye ajizuie na maneno matatu yanayokuja upesi: "jikaze", "wengine wana shida kuliko zako", na "omba tu". Kuomba kuna nafasi yake. Neno "tu" ndilo linalofunga mlango.

Kuhusu mwili mambo ni machache, na mengi msomaji ameyasikia. Usingizi ndio wa kulindwa kabla ya vyote. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi, na kinachosaidia zaidi ni kuamka saa ile ile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Simu ilale mbali na kitanda. Anayetafuna muguka ili asome usiku kucha ajue kwamba kemikali yake kuu, kathinoni, inafukuza usingizi ambao ndio unaopanga kumbukumbu ya alichosoma. Aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua hivyo, aache muguka kabisa. Pombe huleta usingizi mapema kisha huuvunja alfajiri, na kwa mwenye sonona humzamisha zaidi. Watu wa Kitui na Makueni hawajasahau Mei 2014, pombe iliyochanganywa methanoli ilipoua makumi ya watu katika kaunti kadhaa, zao zikiwemo. Kutembea kwa haraka, jumla ya dakika 150 kwa wiki, ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima. Mama anayefuata punda hadi mtoni na kurudi hahitaji ushauri huu. Anayeuhitaji ni kijana anayekaa kitandani na kompyuta kutoka asubuhi.

Pesa nayo ina njia yake ya kuingia kichwani. Tangu mfumo mpya wa kufadhili vyuo uanze mwaka 2023, ukiwapanga wanafunzi kwa makundi kulingana na hali ya familia, kuna wazazi waliojikuta wakidaiwa wasichokitarajia. Pengo hilo huzibwa kwa mikopo ya simu, na mikopo ya simu huzibwa kwa kamari. Kijana hucheza ili alipe, anapoteza, anakopa tena, na kila usiku anaahidi kwamba kesho ndiyo mwisho. Deni la kamari hufichwa kuliko deni lingine lolote, na kuficha ndiko kunakomaliza mtu. La kufanya ni kumwambia mmoja jumla halisi ya deni, shilingi kwa shilingi, na kumkabidhi laini au nywila ya akaunti ya kamari aifunge. Mapatano na mwenye nyumba kuhusu kodi mara nyingi ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, ikiwa mpangaji atamwendea kabla mwenye nyumba hajamwendea yeye.

Kuna kundi ambalo halisemwi sana katika makala za namna hii: mama aliyejifungua. Sonona baada ya kuzaa imechunguzwa na watafiti huko Makueni na ni ya kweli, lakini mama mwenyewe huona haya kusema hampendi mtoto wake au kwamba anaogopa kubaki naye peke yake. Bahati ni kwamba chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 humleta kliniki kwa lazima. Mama mkwe au mume anayemsindikiza anaweza kumuuliza muuguzi pale pale: huyu halali hata mtoto akilala, na analia bila sababu, je, mnaweza kumwangalia yeye pia? Nyumbani, msaada wa maana kuliko zawadi ni mtu mwingine kumbeba mtoto kwa saa tatu mfululizo usiku ili mama alale.

Makueni ndiko pia kulikofanyika jambo ambalo Kitui na kaunti nyingine zingefaa kuliiga. Shirika la Africa Mental Health Research and Training Foundation, lililoanzishwa na Prof. David Ndetei, lilitambua ukweli ambao kila mtu Ukambani anaujua: aliyevurugika akili hapelekwi zahanati kwanza. Anapelekwa kwa mganga, au kwa mchungaji, au kwa wote wawili kwa zamu. Badala ya kuwapiga vita, watafiti waliwaketisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa afya katika mazungumzo. Mwanzoni pande zilishukiana: waganga walidai madaktari huwadharau, madaktari wakadai waganga huchelewesha wagonjwa. Mwishowe walikubaliana kutumiana wagonjwa. Waganga, wahubiri na wahudumu wa afya wa kujitolea wakafunzwa kutambua dalili kwa kutumia mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotungwa kwa ajili ya watu wasio madaktari wa akili, na wauguzi na matabibu wa vituo vidogo wakafunzwa kuwatibu waliotumwa.

Funzo kwa familia liko wazi. Anayempeleka mgonjwa maombini si lazima achague kati ya kanisa na kliniki. Kanisa la Africa Inland limekuwapo Ukambani tangu wamisionari wake wa kwanza walipofika Nzaui, Makueni, mwaka 1895, na hospitali na shule kadhaa za eneo hili zilianzishwa na wamisionari. Dini na dawa zimekaa nyumba moja kwa zaidi ya karne. Mchungaji au mganga wa kuogopwa ni yule anayeamuru dawa ziachwe, anayefunga mgonjwa kwa minyororo, anayemnyima chakula kwa jina la mfungo, au anayedai mbuzi baada ya mbuzi bila nafuu kuonekana. Hapo familia iondoke, hata kama ni usiku. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa haki ya matibabu yenye heshima, na imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo.

Linalofuata ni zito, na lisomwe polepole. Mtu akianza kugawa vitu vyake, kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, kusema yeye ni mzigo au kwamba wenzake wangekuwa afadhali bila yeye, aulizwe waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Watu huogopa kwamba swali hilo litampandikizia wazo. Halimpandikizii. Mara nyingi humfungua, kwa kuwa ni mara ya kwanza mtu kusema kile alichokuwa akikibeba peke yake. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika chache, na dawa za kunyunyizia mazao, dawa za mifugo na vidonge vilivyobaki viondolewe nyumbani au vifungiwe kwa jirani. Fikra hizo mara nyingi hupanda kwa nguvu kisha hushuka, na muda ule wa kupanda ndio wa kuvukwa na mtu pembeni.

Kwa miaka mingi familia za Kenya zilificha matukio haya kwa sababu ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mgonjwa alitoka hospitalini akaingia kituo cha polisi. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Habari hiyo haijafika kila kijiji, na inafaa itangazwe kwenye baraza la chifu na makanisani, ili mtu asimnyime ndugu yake hospitali kwa kuogopa pingu.

Simu za msaada zipo. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo. Watoto na wanaowajali wana 116. Wenye tatizo la pombe na dawa za kulevya wana 1192 ya NACADA. Shirika la Befrienders Kenya hupatikana kwa 0722 178 177. Zihifadhiwe kwenye simu leo, kabla hazijahitajika, kwa majina ya kawaida ambayo mwenye simu hataona haya mtu mwingine akiyaona.

Mlango wa karibu zaidi ni ule wa mhudumu wa afya ya jamii anayepita boma kwa boma. Serikali iliwazindua upya mwaka 2023, takriban 100,000 nchi nzima, kila mmoja na mkoba wa vifaa. Watu humwonyesha shinikizo la damu na sukari, wakasahau kumwambia la kichwani. Yeye ndiye anayejua kituo kipi kina muuguzi aliyefunzwa mambo ya akili na siku gani huwa kwenye zamu. Mwanafunzi aanzie ofisi ya mkuu wa wanafunzi, aombe mnasihi, na akisikia foleni ni ndefu aombe tarehe kabisa kabla ya kuondoka pale. Kesi kubwa, ya mtu anayesikia sauti, asiyelala siku nyingi huku akiongea bila kukoma, au aliyekataa chakula, isipitie njia hizi. Iende moja kwa moja hospitali ya rufaa ya kaunti, Kitui mjini au Wote kule Makueni.

Safari ya kwanza ina mambo ya kubeba: kitambulisho, usajili wa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii (bado haupo? *147# kwenye simu), dawa zote anazotumia pamoja na za kienyeji, na karatasi fupi iliyoandika lini ilianza, analala saa ngapi, na nani katika ukoo aliwahi kuugua hivyo. Familia iulize mapema gharama ipi inalipwa na SHA katika kituo hicho na ipi italipwa mfukoni. Ampeleke mtu anayeishi naye, si yule mwenye gari.

Mgonjwa akipewa dawa za sonona, hapa ndipo wengi hukosea. Dawa hizo hazifanyi kazi kama ya maumivu. Huchukua wiki mbili hadi nne kabla nafuu kuonekana, wakati mwingine zaidi, ilhali kichefuchefu na kinywa kukauka huja katika siku za mwanzo kabisa. Kwa hiyo mgonjwa huona hasara kabla ya faida, naye huziacha katika wiki ya pili, akitangaza kijijini kwamba dawa za akili ni bure. Wengine huziacha wakishapata nafuu, na ugonjwa unarudi. Kwa kawaida huendelea kutumiwa kwa miezi kadhaa baada ya mtu kupona, na huachishwa kidogo kidogo kwa amri ya aliyeziandika. Dawa zikiisha kwenye duka la kituo, jambo linalotokea, familia iulize jina lake kamili na kipimo ili itafutwe duka la dawa mjini kabla kidonge cha mwisho hakijamezwa.

Na mgonjwa aliyerudi nyumbani apewe kazi. Ndogo, ya kweli, inayohitajika: kufungulia mbuzi asubuhi, kuchambua ndengu, kuandika mahudhurio ya kikundi. Kikundi kimrudishe kwenye orodha bila hotuba wala harambee ya kumwonea huruma. Tarehe yake ya kurudi kliniki iandikwe kwenye kalenda ya ukutani, pale karibu na jiko, ili isijulikane na yeye peke yake.